Mpime Mdudu Kwanza, Ndipo Ununue Lenzi ya Makro

Neno makro, yaani upigaji picha wa vitu vidogo kwa karibu sana, limebandikwa kwenye vifaa vingi mno. Lipo kwenye lenzi nzito ya milimita 100 inayoweza kugharimu kuliko kamera yenyewe, lipo ubavuni mwa zumu ya kawaida ya 70-300, lipo kwenye boksi la mirija mitatu ya plastiki, lipo hata kwenye kijilenzi cha kubana kwenye simu. Anayezunguka Kariakoo na bajeti finyu ataambiwa, tena kwa nia njema, kwamba vyote vinafanya kazi ileile. Havifanyi. Tofauti zake zinapimika kwa rula, na ukishazijua ni vigumu kuuziwa kisichokufaa.

Swali la kuanzia ni mdudu gani unayemtaka, na atakuruhusu umsogelee kiasi gani. Ubora wa kioo huja baadaye, kwa sababu lenzi za makro halisi za kampuni kubwa, hata za miaka 20 iliyopita, karibu zote ni kali kuliko wengi wetu tunavyoweza kuzitumia.

Hesabu ya ukuzaji

Ukuzaji ni uwiano kati ya taswira ya mdudu inayotua juu ya sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha, na ukubwa wake halisi. Kwa 1:1, mdudu wa milimita 10 huchukua milimita 10 za sensa. Kwa 1:2 huchukua milimita 5, na kwa 2:1 huchukua 20. Uwiano huu hauhusiani na ukubwa wa skrini ya kamera wala wa karatasi utakayochapishia.

Sasa chukua upana wa sensa yako. Kamera nyingi za kuanzia zina sensa ndogo iitwayo APS-C: Canon ina milimita 22.3, Nikon na Sony 23.5 hivi. Sensa kubwa, iitwayo fulu fremu, ina 36. Gawanya upana huo kwa urefu wa mdudu, utapata ukuzaji wa kumjaza kwenye fremu ukingo hadi ukingo.

Kipepeo wa michungwa, yule mweusi mwenye madoa ya njano, anapokunjua mabawa hufikia milimita 100 au zaidi. Kwa sensa ya 23.5, uwiano wa 1:5 unamtosha kabisa, na kwa 1:1 utapata jicho na kipande cha bawa tu. Kerengende mwenye mwili wa milimita 40 anaingia vizuri kati ya 1:2 na 1:3. Nyuki wa asali ana milimita 11 au 12, kwa hiyo 1:1 inampa nusu ya upana wa fremu, na hapo ndipo makro halisi inapoanza kuwa na maana. Majimoto, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe, wakubwa wao wana kama milimita 8, na kwa 1:1 huchukua theluthi ya fremu. Mbu aina ya Aedes, mwenye miguu yenye pete nyeupe, ana mwili wa milimita 5 hivi. Kwake 1:1 inatoa picha ya mbu mdogo katikati ya ngozi nyingi, na anahitaji 2:1 au zaidi. Vidukari wa kwenye kunde wana milimita 2, na bila 4:1 ni vitone vya kijani.

Mtu anayevutiwa na vipepeo na kerengende akanunua lenzi ya kukuza mara tano ataiacha kabatini. Anayetaka macho ya nzi akanunua zumu ya 1:4 atakata tamaa mapema zaidi.

Usitegemee maandishi ya ubavuni kujua ukuzaji. Beba rula ya shule. Weka lenzi kwenye fokasi ya mkono, zungusha pete hadi mwisho wa karibu, kisha isogeze kamera mbele na nyuma mpaka mistari ya rula ionekane kali, upige. Kwenye APS-C, ukihesabu milimita 22 hadi 24 kutoka ukingo hadi ukingo, lenzi ni 1:1. Ukihesabu 47, ni 1:2. Ukihesabu 90 na kitu, ni 1:4, hata kama neno Macro limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Zumu ya Tamron 70-300 ya f/4-5.6 yenye swichi ya makro inafika 1:2, tena kati ya milimita 180 na 300 tu na ukiwa sentimita 95 kutoka kwenye sensa. Kwa vipepeo wanaoruka wakisogelewa, huo ni umbali mzuri sana, na kwa majimoto haisaidii. Jambo jingine dogo: Nikon huandika Micro pale wengine wanapoandika Macro. Kitu ni kilekile.

Nafasi iliyobaki mbele ya lenzi

Jedwali la lenzi hutaja umbali wa karibu zaidi wa fokasi, na namba hiyo hupimwa kutoka kwenye sensa. Mdudu hajali sensa yako iko wapi. Anachokiona ni kioo kikubwa na kivuli chake. Kinachokuhusu ni nafasi inayobaki kati ya ncha ya lenzi na mdudu ukiwa kwenye 1:1, na hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyotarajia.

Nikkor ya milimita 40 kwa APS-C ina fokasi ya karibu ya sentimita 16.3, lakini ukiondoa mwili wa kamera na urefu wa lenzi unabaki na chini ya sentimita 5. Canon EF-S 35 ni fupi zaidi, kama sentimita 3, ndiyo maana waliiwekea taa ndogo kwenye ncha. Canon EF-S 60 inakuachia kama 9. Zile za 90, 100 na 105, yaani Tamron, Tokina, Canon, Sigma na Nikon, zote zina fokasi ya karibu ya kama sentimita 30 na hukuachia kati ya 11 na 15. Canon 180 inafika karibu 24, kwa uzito wa zaidi ya kilo moja na bei inayouma.

Mtu akiuliza kwa nini lenzi ya milimita 100 haimpi nafasi maradufu ya ile ya 50, jibu liko ndani ya lenzi. Lenzi rahisi ya milimita 100 ikiwa kwenye 1:1 ingehitaji takriban sentimita 40 kutoka mdudu hadi sensa. Lenzi za kisasa, ambazo hazirefuki zikifokasi, hupanga upya vioo vya ndani na kupunguza urefu wake wa fokasi, zile milimita zinazoandikwa kwenye lenzi, zinapokaribia. Ile inayofika 1:1 kwa sentimita 30 wakati huo inafanya kazi kama lenzi ya milimita 75 hivi.

Kwa wadudu wa Dar es Salaam, pendekezo letu halizunguki: kama unanunua lenzi moja ya makro halisi, nunua ya kati ya 90 na 105. Sentimita 14 zinatosha kwa nyuki aliyezama ndani ya ua, kwa vunjajungu, kwa panzi wa asubuhi, na kwa majimoto bila kuweka mkono kwenye njia yao. Majimoto huuma na kumwagia asidi mahali walipouma, na wakikuta lenzi imegusa jani lao huipanda. Lenzi fupi za 35 na 40 ni nzuri kwa maua, pete na hati, ila mdudu anayejua kukimbia hukimbia, na asiyekimbia hufunikwa na kivuli cha lenzi. Ile 60 inafaa kwa mwenye mkono mtulivu na wadudu wapole kama viwavi. Za 150 hadi 180 ni za kerengende wa kwenye mabwawa na vipepeo wa misitu ya Pugu, lakini mtikisiko wake mkononi ni mkubwa na ukichoka mabega picha zinachoka pia. Ukikaribia 1:1, vua kofia ya lenzi ya kukinga jua, maana inakula sentimita zilezile ulizozilipia.

Kuna imani iliyoenea kwamba lenzi fupi hutoa kina kikubwa zaidi cha fokasi, yaani unene wa sehemu inayoonekana kali, kwa mdudu. Kwa ukuzaji uleule na tundu lilelile (uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga, unaoandikwa f/8, f/11 na kadhalika; namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kina hakibadiliki kwa kiasi cha kuhesabika, iwe 50 au 180. Kinachobadilika ni mandhari ya nyuma. Lenzi ndefu huchukua kipande chembamba cha kilicho nyuma ya mdudu, hivyo kukigeuza kuwa rangi moja laini ni rahisi. Lenzi fupi hukuletea majani, ukuta na mtungi wa maji.

Kina, tundu na ukali unaopotea

Kwenye 1:1 kwa f/11 na sensa ya APS-C, sehemu iliyo kali ina unene wa chini kidogo ya milimita moja. Kichwa cha nyuki hakiingii chote. Mwanzoni kila mtu hukimbilia f/22 akitafuta kina, na hapo picha nzima inalegea. Sababu ni kwamba tundu linaloandikwa ni la lenzi ikiwa mbali. Ukikaribia, jumlisha moja na ukuzaji, kisha zidisha namba hiyo kwa jumla yake, ndipo upate tundu halisi: f/11 kwenye 1:1 inakuwa kama f/22, na f/22 inakuwa f/44. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo kiasi hicho hutawanyika na kufuta ukali wa mistari midogo, ile ya manyoya na vijicho vya nzi uliyoifuata.

Baki f/8 hadi f/11 kwenye 1:1, na f/5.6 hadi f/8 kwenye 2:1. Wenye kamera za Nikon wasishtuke: kamera hizo huonyesha tundu halisi, kwa hiyo lenzi ya 105 f/2.8 ikiwa karibu kabisa itasoma f/4.8 na haitakubali kushuka. Lenzi si mbovu. Canon huendelea kuonyesha 2.8 ingawa mwanga umepungua vilevile.

Kwa kina kidogo hivyo, pembe ndiyo inayookoa picha. Geuza kamera mpaka sensa iwe sambamba na mwili wa mdudu, kisha lenga jicho. Ukitaka zaidi, piga fremu 5 hadi 15 ukisogea mbele kidogo kidogo na uziunganishe kwenye kompyuta, ila mdudu lazima awe ametulia na kusiwe na upepo. Asubuhi, saa moja hadi saa tatu, ndipo hali hiyo hupatikana. Kuelekea mchana upepo wa bahari hulitikisa kila jani.

Fokasi ya kujiendesha kwenye 1:1 huenda mbele na kurudi nyuma bila kushika. Izime. Weka pete kwenye ukuzaji unaoutaka, usiiguse tena, na tafuta ukali kwa kuusogeza mwili wako wote milimita chache. Hii pia ni nafuu kwa mfuko: lenzi za zamani za Nikon aina ya AF-D na Tokina 100 hazifokasi zenyewe kwenye kamera za mfululizo wa D3000 na D5000 kwa kuwa hazina mota ndani, hivyo wengi huziepuka. Kwa wadudu hupotezi kitu. Kizuia mtikisiko nacho kisikuongezee bei sana. Canon wenyewe wanaitaja lenzi yao ya 100 f/2.8L kuwa na msaada wa stopu nne (kila stopu huruhusu shata ibaki wazi mara mbili zaidi) kwa vitu vya mbali, na mbili tu kwenye 1:1. Na hakimzuii mdudu kutembea.

Bila kununua lenzi mpya

Kama tayari una zumu ya 55-250 au 55-200, nyongeza yenye faida kubwa kwa pesa ndogo ni lenzi ya kubandika mbele, na inayojulikana zaidi ni Raynox DCR-250. Ina nguvu ya diopta 8, yaani fokasi ya milimita 125, na kibanio chake hushika lenzi zenye uzi wa mbele wa skrubu wa milimita 52 hadi 67. Ukuzaji wake, zumu ikiwa kwenye fokasi ya mbali, ni urefu wa zumu gawanya kwa 125: kwenye 200 unapata 1.6, yaani 1.6:1, kwenye 250 unapata 2. Nafasi ya mbele hubaki sentimita 11 au 12 popote ulipo kwenye zumu, kwa hiyo unaweza kumpata majimoto mzima kisha ukazumu hadi taya zake bila kuhama. Ndugu yake, DCR-150, ina diopta 4.8. Kwenye 250 inatoa 1.2 na nafasi ya kama sentimita 20, nayo ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Pembe za picha huwa na giza ukiwa kwenye urefu mfupi wa zumu. Vioo vya bei ya chini sana vya kufunga kwa uzi, vinavyouzwa vitatu vitatu kama +1, +2 na +4, vina kioo kimoja tu kisichosahihisha rangi, na ukingoni huacha mistari ya zambarau.

Mirija ya kurefusha haina kioo ndani. Huisogeza lenzi mbali na sensa, na ukuzaji unaoongezeka ni urefu wa mrija gawanya kwa urefu wa fokasi. Seti ya kawaida ya 12, 20 na 36 inafikisha milimita 68. Kwenye lenzi ya 50 hiyo ni 1.36. Kwenye 200 ni 0.34 tu. Kwa hiyo mirija ni ya lenzi fupi na kioo cha kubandika ni cha lenzi ndefu, na wanaolalamika kwamba kimoja hakifanyi kazi mara nyingi wamekifunga mahali pa kingine. Nunua mirija yenye viunganishi vya umeme. Isiyo navyo, kwenye Canon EF, huiacha lenzi wazi kabisa, na kina hubaki cha unywele.

Pete ya kugeuzia lenzi, inayoifunga lenzi kinyumenyume kwenye kamera, ndiyo rahisi kuliko zote. Lenzi ya 50 ikigeuzwa hutoa karibu 1:1, na ya 28 karibu 2:1, lakini nafasi ya mbele ni kama sentimita 4 na kioo cha nyuma cha lenzi kinabaki wazi kwa vumbi na chavua. Tumia lenzi ya zamani yenye pete ya tundu.

Kwa 3:1 na kuendelea kuna lenzi maalumu. Canon MP-E 65, ya mwaka 1999, huanza 1:1 hadi 5:1 na haiwezi kupiga kitu kingine chochote, hata mtu aliye mita mbili. Nafasi yake hushuka kutoka sentimita 10 hadi 4. Kwa wengi, Laowa 100 inayofika 2:1 ni chaguo la busara zaidi kwa kuwa inapiga pia vitu vya mbali. Hakikisha tu kama toleo la kamera yako linaongozwa tundu na kamera au kwa mkono, kwa sababu la mkono hufanya kitazamio kiwe giza ukifunga hadi f/8.

Tenga fedha ya flashi

Hapa ndipo bajeti nyingi huharibika. Mtu humaliza pesa yote kwenye lenzi, kisha anashangaa picha zake zina ukungu wa mtikisiko. Kwenye 1:1 mwanga unaofika kwenye sensa ni robo ya kawaida, kwenye 2:1 ni moja ya tisa, na bado umefunga tundu hadi f/11. Chini ya mwembe wenye kivuli kizito, hakuna ISO, yaani kiwango cha sensa kuhisi mwanga, ya kukuokoa. Juani nako si jibu: jua la Dar es Salaam saa sita huwa karibu utosini kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mgongo wa mbawakawa hung'aa doa jeupe huku tumbo likiwa jeusi.

Flashi ya kawaida ya juu ya kamera, hata ya mtumba isiyo na mfumo wa kujipima, inatosha. Anza na hali ya M (ya kupanga kwa mkono), shata 1/200 ya sekunde, f/11, ISO 200, flashi kwa nguvu ya 1/16. Kwa nguvu hiyo flashi nyingi huwaka kwa muda mfupi kuliko 1/2000 ya sekunde, na mlipuko huo ndio unaogandisha mdudu na mkono wako. Picha ikiwa giza, panda hadi 1/8. Ikiwa nyeupe mno, shuka 1/32. Flashi za pete zinazozunguka ncha ya lenzi hutoa mwanga bapa na kuacha mviringo kwenye kila jicho linalong'aa, hivyo hatuzipendekezi kwa mbawakawa.

Mwanga huo lazima ulainishwe, na kinachoulainisha ni ukubwa wa eneo jeupe ukilinganisha na mdudu, pamoja na ukaribu wake. Chukua ile foam nyeupe nyembamba inayofungia vifaa vya elektroniki kwenye maboksi, kata kipande cha kama sentimita 20 kwa 25, kiinamishe kutoka kichwani mwa flashi hadi juu kidogo ya ncha ya lenzi, ukishike kwa raba na waya laini. Kikikaa sentimita 10 juu ya mdudu kinakuwa kama anga la mawingu kwake. Kosa la kawaida ni kukifunga kipande kidogo kikagusana na kioo cha flashi, maana hapo mwanga umepungua na kivuli kimebaki kikali vilevile. Flashi iliyojengwa ndani ya kamera nayo inafanya kazi kwa njia hii, ilimradi foam ifike mbele ya lenzi, kwa sababu bila hivyo lenzi yenyewe hutupa kivuli juu ya mdudu.

Lenzi ya mtumba na hewa ya pwani

Fangasi ndio adui wa lenzi katika mji huu. Kabla ya kulipa, fungua tundu lote, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi na uangalie kwa pembe kutoka mbele. Vumbi dogo halina neno. Nyuzi zinazotawanyika kutoka ukingoni ni fangasi, na ukungu sawia ndani ya kioo hupunguza ukali wa rangi hasa ukitumia flashi. Zungusha pete ya fokasi mwanzo hadi mwisho ukisikiliza mchanga. Piga picha kwa f/16 na uangalie mbele wakati shata inafunguka, maana visu vya tundu vyenye mafuta huchelewa kufunga na picha hutoka nyeupe. Mwisho, jaribio la rula.

Ukishaipata, usiiache kwenye begi la kitambaa kipindi cha masika. Boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira na gramu 100 au 200 za silika linatosha kamera moja na lenzi mbili. Silika ya rangi ikibadilika, ikaange kwa moto mdogo hadi rangi irudi. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, ifunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki uliobanwa na uiache nje nusu saa kabla ya kuifungua. Ukiifungua mara moja, mvuke huganda kwenye kioo cha mbele, na kwenye viungo vya ndani ambako kitambaa hakifiki.